Dole Gumba la Kulia

Damu ilikuwa imefika hadi kwenye kalenda ya ukutani, na hilo ndilo lililomkera Inspekta kuliko yote. Mtu akipigwa kichwani akaanguka, damu yake huishia sakafuni. Hii ilikuwa imeruka juu, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, ikauchora ukuta michirizi na kumalizikia kwenye ukurasa wa mwezi uliokwisha pita, ambao hakuna aliyejisumbua kuufunua.

"Alikuwa wima," alisema. "Mkono ulitangulia, kichwa kikafuata."

Koplo aliitikia kwa kichwa, leso puani. Alikuwa na kifua cha kabati na tumbo la mtoto mchanga. Tayari alishatoka nje kutapika, akarudi, na uso wake ulionyesha kwamba hajamaliza. Inspekta, mwanamke mfupi asiye na subira, alimtazama, akaugeukia tena ukuta. Kazi ilikuwa bado mbichi.

Walikuwa kwenye banda la kunolea misumeno, nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Katikati ya banda palikuwa na gogo fupi la kuchongea, na juu yake shoka la mpini mfupi limelala ubavu, kisogo chake kimeganda damu na nywele nyeupe. Pembeni mwa gogo palikuwa na mkato mmoja mpya, mwembamba, umezama kwenye mti. Pigo moja tu, la mtu aliyekusudia. Mkono wa mzee mwenye kiwanda ulilazwa pale, ukashikiliwa, na dole gumba la kulia likaenda.

Lilikokwenda hakuna aliyejua. Askari walikuwa wamepepeta vumbi la mbao la banda zima kama watu wanaochekecha unga, wakapata misumari, vipisi vya sigara na jino la msumeno. Kidole hakikuwepo.

Mwenye kiwanda aliitwa Mzee wa Mbao na kila mtu, pamoja na wakwe zake. Wafanyakazi ndio waliomkuta asubuhi hiyo, kifudifudi, fuvu limebonyea juu ya sikio, na bado anahema. Msumeno mkubwa ulikuwa bado haujawashwa, na hata hivyo hakuna aliyesikia ukelele. Asubuhi hiyohiyo alikuwa aende kwa wakili kuweka alama yake kwenye wosia na mpango mzima wa mali ya familia, uliotayarishwa kwa miezi. Mzee hakujua kuandika hata jina lake. Sahihi yake ilikuwa dole gumba. Kwa hiyo mtaani watu walikuwa wameshakata shauri kabla polisi hawajafika: mzee kakatwa sahihi.

Inspekta hakupenda kesi zinazojieleza zenyewe. Mara nyingi zinasema uongo, au zinasema ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayomvunja mtu miguu.

Kelele zilitokea nyuma ya lori la magogo. Alipofika, alimkuta mwana mkubwa wa mzee, jitu la mabega mapana wanaloliita Kaka Mkubwa, amemkalia mlinzi kifuani na kumshindilia ngumi za uso. Mlinzi alikuwa ameacha kujikinga. Mdomo wake ulikuwa umepasuka pande zote na alikuwa akitema meno kwa utaratibu, kama mtu anayetema mbegu. Wafanyakazi walisimama kuzunguka, mikono mifukoni.

Inspekta hakuwa na muda wa kubembeleza. Alimtia kirungu nyuma ya goti, na jitu lilipoyumba akaupindua mkono wake hadi bega likalia. Kaka Mkubwa aliangukia uso kwenye tairi la lori, pua ikavunjika.

"Ukiniulia shahidi wangu nitakufungulia kesi ya kwako peke yako," alimwambia sikioni. "Umenielewa, au niupinde zaidi?"

Alielewa. Alipofuta pua, alianza kulia, kilio kibaya cha mtu asiyekizoea, na shati lake lote lilikuwa limekauka damu ya baba yake, kwa kuwa ndiye aliyembeba hadi kwenye gari. Alisema mlinzi alikuwa amelala lindoni na yeyote angeweza kupita. Alisema yeye ndiye aliyemsihi mzee aende kwa wakili, ili watu wasije wakararuana siku ya msiba. Halafu akasema, bila kuulizwa, kwamba kama wanataka mtu wa kumshuku wamwangalie Mama Mdogo, mke wa pili, aliyepiga makelele ofisini kwa wakili siku mpango uliposomwa.

Inspekta aliuweka usemi huo kando. Kidole cha mtu anayelia huelekea popote.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake zilinuka rangi mpya. Wakili alikuwa mwanamume mkavu, kola imepigwa pasi hadi inang'aa, na alikuwa na ule utaratibu unaowatesa watu wenye haraka. Hakusema neno la maana mpaka Inspekta aketi na mlango ufungwe. Aliposikia kuhusu kidole, alifungua kinywa, akakifunga, akasogeza pedi ya wino kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine.

Alieleza mpango kwa ufasaha. Kiwanda kisigawanywe wala kuuzwa. Kibaki cha familia na mwana mkubwa akiendeshe. Mama Mdogo apewe nyumba akae humo hadi kufa kwake, lakini asiiuze, na hilo ndilo lililompandisha sauti. Fungu la binti, mtoto wa pili na wa mwisho, liwekwe mkononi mwa kaka yake, naye awe anampa kadiri atakavyoona inafaa.

"Hilo lilitoka kwako?" Inspekta aliuliza.

"Nilipinga, afande. Nilimwambia mzee, mwanao ana elimu kunizidi mimi, mpe fungu lake mkononi. Akaniambia mtoto wa kike ataolewa na kiwanda kitaingia kwa watu. Mteja ndiye mwenye mali."

Binti huyo nyumbani aliitwa Msomi. Alikuwa akifanya kazi mji mwingine, miaka mingi sasa, na aliitwa kuja kusikiliza mpango ukisomwa. Wakili alikumbuka vizuri siku ile. Mama Mdogo alifoka, Kaka Mkubwa akatazama viatu vyake, na Msomi akaomba jambo moja tu, apewe hati aisome mwenyewe. Aliisoma yote, polepole, miwani puani, akairudisha na kumshukuru wakili kwa kazi nzuri. Jambo hilo lilimtia Inspekta shaka kuliko kelele za Mama Mdogo.

"Na hilo dole gumba," alisema. "Bila hilo mpango umekufa?"

Wakili alitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la huzuni. Alisema hapana. Sheria ingepokea kidole chochote, hata msalaba wa kalamu, mradi mzee ana akili timamu na mashahidi wapo. Kisha akatoa karatasi tupu yenye mabaka mawili ya wino. Hiyo ilikuwa desturi yake kwa kila mteja asiyeandika. Siku ya kwanza kabisa humpiga chapa madole gumba yote mawili, kwa sababu aliwahi kuzika mteja na watoto wakaapa kaburini kwamba alama si ya baba yao.

Baka la kushoto lilikuwa na mistari safi, duara ndani ya duara. La kulia lilikuwa doa jeusi, laini, halina hata mstari mmoja.

"Limefutika," wakili alisema. "Utomvu, msasa, maisha mazima ya kusukuma mbao. Hilo dole halijasaini kitu kwa miaka. Kiwandani anaweka la kushoto, na kwangu tulikubaliana la kushoto."

Inspekta aliisogeza karatasi karibu na macho. Koplo akachungulia juu ya bega lake.

"Nani alikuwepo ulipompiga chapa?"

"Mzee na mwanawe mkubwa. Mama Mdogo alimleta hadi mlangoni, na ndiye aliyeniambia nisihangaike na la kulia, mashine ya vitambulisho iliwahi kulikataa. Binti alikuwa bado hajaja."

"Basi aliyekata," Inspekta alisema, "alitaka kuzuia sahihi, akakata kidole kisicho na sahihi. Mwana asingekosea. Mke asingekosea. Hata mlinzi anayechukua mshahara pale asingekosea."

Hakumtaja aliyebaki. Wakili naye hakumtaja. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba mzee amezinduka, daktari amethibitisha akili yake iko sawa, na ametuma aitwe wodini alasiri hiyo amalize kazi yake.

Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipokuwa. Daktari alishamwambia Inspekta kwa simu kwamba damu inavuja ndani ya fuvu na mgonjwa anaweza asiione kesho. Na mgonjwa huyo, alipoulizwa na askari aliyeachwa kitandani pake, alikuwa amejibu neno moja: niliteleza. Akifa na neno hilo, kesi inakufa naye, na aliyemkata atasimama mstari wa mbele kupokea rambirambi.

"Fanya kazi yako taratibu," Inspekta alimwambia wakili, akiinuka. "Kama ulivyonifanyia mimi. Na suala la kushoto na kulia usiligusie."

Wodini walimkuta Msomi akimlisha baba yake uji kwa kijiko. Alikuwa mwanamke mrembo wa umri wa kati, mikono safi, kucha zimekatwa, na kila tone lililomponyoka mzee mdomoni alilipangusa kabla halijafika kidevuni. Kichwa cha mzee kilikuwa kimefungwa bandeji hadi kwenye nyusi. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka, umeviringwa, mkubwa kama mkate. Wa kushoto haukuonekana. Mama Mdogo alikaa upande wa pili, macho yamevimba, na Kaka Mkubwa alisimama dirishani na pua yake iliyovunjika.

Inspekta alimwamkia mzee, shikamoo, mzee akaitikia marahaba mwanangu kana kwamba wamekutana sokoni. Akamwomba Msomi amsomee jina la dawa kwenye chupa ya dripu. Msomi alirudi nyuma, akanyoosha shingo, akakunja macho. Pande zote mbili za pua yake palikuwa na vishimo vyekundu.

"Miwani yako iko wapi, dada?"

"Nimeisahau nyumbani."

Mkoba wake ulikuwa miguuni, umefungwa, na kamba yake ameikanyaga kwa kisigino. Inspekta aliuona, akageuka.

Wakili alianza. Alimuuliza mzee jina lake, akamuuliza watoto wake ni nani, akamtaka aseme mpango wake kwa kinywa chake mwenyewe bila kusomewa, na mzee akausema, kwa pumzi fupifupi, bila kuruka hata kifungu. Alipofika kwenye fungu la binti hakumtazama binti. Kisha wakili akafungua pedi ya wino na kuiweka juu ya shuka, na mzee akautoa mkono wa kushoto chini ya blanketi.

Msomi akashusha kijiko.

"Si huo," alisema.

Wakili alimtazama.

"Baba haweki kidole cha kushoto. Hicho si chake. Alama ya baba ni ya kulia, na ya kulia haipo tena, kwa hiyo hakuna mpango wowote hapa. Funga hiyo pedi yako."

"Msomi," alisema Mama Mdogo, akishangaa kabisa, "baba yako anaweka kushoto tangu lini sijui. Kulia kulishafutika. Nani asiyejua?"

Msomi alimgeukia baba yake polepole, na uso wake ukaanza kupauka kutoka midomoni kwenda juu. Inspekta alimwona akielewa kitu, na kitu hicho kilimuumiza kuliko pingu zozote ambazo angeweza kumvisha.

"Ripoti zangu zote za shule zina cha kulia," alisema. "Nilikuwa nakishika mimi. Nakizungusha kwenye wino, nakibonyeza, halafu nampangusa kwa mafuta ya taa. Hakuna mwingine aliyekuwa anaruhusiwa. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Barua zote, risiti zote, mimi. Halafu nakuja kusomewa na mtu baki kwamba nitakuwa naomba ugali kwa kaka."

Kaka Mkubwa alivuka chumba bila kutoa sauti. Alimkamata dada yake shingoni kwa mikono yote miwili, akamwinua, akamgonga kichwa kwenye kabati la chuma la dawa, mara ya kwanza, ya pili, chupa zikimwagika na kupasuka chini. Mama Mdogo aliangukia ukutani. Msomi alikuwa akirusha miguu, macho yamemtoka, na mkono wake ulipapasa trei ya muuguzi hadi ukapata mkasi. Aliudidimiza kwenye mfupa wa bega la kaka yake, akauchomoa, akaudidimiza tena karibu na shingo. Damu ilimrukia wakili kwenye kola yake iliyonyooka.

Koplo alimvaa Kaka Mkubwa kwa kifua chote. Inspekta aliukamata mkono wenye mkasi na kuupiga ukingoni mwa kitanda mpaka kitu kikavunjika ndani yake. Mkasi ulidondoka. Alimlaza Msomi kifudifudi juu ya vioo na uji, akamweka goti mgongoni, akaufunga pingu mkono wake uliobaki mzima kwenye chuma cha kitanda.

Muuguzi aliyeingia mbio alimkandamiza Kaka Mkubwa shingoni kwa shuka nzima, akasema mshipa mkubwa haujaguswa, mtoeni, na Koplo akamkokota nje huku jitu likinguruma.

"Sikutaka afe," Msomi alisema sakafuni. "Nilitaka asisaini tu."

"Na kichwa?" Inspekta aliuliza, bado anahema. "Kidole ulikuwa umeshakipata. Kichwa ulikipigia nini?"

"Alikuwa ananitazama."

Mzee alitikisa mkono wa kushoto hewani, ishara ya kuwanyamazisha watu aliyoizoea kiwandani. Ilibidi Inspekta ainame ili amsikie.

"Aliingia bandani akanyoosha mkono," mzee alisema. "Nikampa wangu. Nilidhani ananisalimia."

"Kwa nini hukupiga kelele, mzee?"

"Wafanyakazi wangekuja. Wangemwona."

Inspekta alinyoosha mgongo. Akafanya lililobaki kufanywa. Aliuvuta mkoba kutoka chini ya kiti, akaufungua juu ya meza ya mgonjwa. Leso, funguo, tiketi ya basi la kurudia. Kasha gumu la miwani. Lilikuwa jepesi kuliko inavyopasa, na lilipotikiswa, kilichogonga ndani hakikuwa kioo.

"Miwani nimeitupa," Msomi alisema. "Ilirukiwa na damu."

Ndani ya kasha, juu ya pamba safi, kililala kidole, kijivu, ukucha wake mpana umejaa utomvu wa miaka. Kilikuwa kimeoshwa. Ncha yake ilikuwa laini kama kijiwe cha mtoni, bila hata mstari mmoja, na mtu yeyote mwenye miwani yake angeliona hilo. Wakili aligeuza uso.

"Kiko wapi?" mzee aliuliza. Bandeji ilimzuia kuinua shingo.

Aliyejibu ni binti yake, pale chini alipokuwa.

"Ninacho mimi, baba."

Mzee alifumba macho. Wino kwenye pedi ulikuwa umeanza kukauka. Alipoyafumbua alimtafuta wakili kwanza, akamwambia afute kile kifungu cha kaka na dada, fungu la binti liende mkononi mwake, huko atakakokuwa. Wakili alisema itabidi hati iandikwe upya, na itachukua muda. Mzee akasema andika haraka basi, akauacha mkono wa kushoto wazi juu ya shuka, tayari.

Kisha akamwambia Msomi, bila hasira, kama mtu anayemaliza shauri dogo la nyumbani:

"Hicho kaa nacho. Nilishakupa zamani."

Msomi aliweka shavu sakafuni akalia. Inspekta alilifunga kasha, akaandika juu yake namba ya kielelezo, na kulitia kwenye mfuko wa koti lake, kwa sababu sheria haikumruhusu kuliacha pale.